Rubani Bila Majira: Tahakiki ya Istilahi za Vipimo na Uelekeo katika Mafunzo ya Urubani

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maneno ya Kiswahili yanayotumika kueleza vipimo na uelekeo kwa wanafunzi wa urubani. Yanadai kwamba kasoro kuu si uhaba wa maneno, bali ni desturi ya kulitafutia kila neno la Kiingereza kisawe chake peke yake, bila kuangalia dhana jirani. Yanapendekeza istilahi ziundwe kwa seti, na msamiati wa ubaharia uchunguzwe kabla ya kukopa au kubuni.

1. Utangulizi

Neno rubani lilikuwa la baharini kabla halijawa la angani. Lilimtaja mjuzi aliyekipitisha chombo kati ya miamba na kukiingiza bandarini. Ndege zilipokuja, Kiswahili kilimpandisha angani pamoja na jina lake, lakini sehemu kubwa ya msamiati wa kazi yake ilibaki pwani. Ndiyo maana leo tuna jina la mtu, ila tunababaika tunapotaka kueleza anachokifanya.

Mjadala huu hauhusu mawasiliano ya redio. Katika safari za kimataifa, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) linadai umahiri wa lugha usiopungua kiwango cha 4, na Kiingereza ndicho kinachotawala. Kupendekeza vinginevyo kungekuwa kuchezea usalama. Tunachozungumzia ni ufafanuzi: mwalimu anapomweleza mwanafunzi dhana kwa lugha wanayoielewa wote wawili, na mwandishi anapouarifu umma kuhusu ajali. Hapo istilahi yenye utata haisaidii kufahamu, hupotosha.

Kigezo chetu ni cha kimuundo. Tangu Saussure, isimu imekubali kwamba thamani ya neno hutokana na tofauti yake na maneno mengine ya mfumo uleule. Kwa istilahi, kanuni hii ina uzito wa pekee: kisawe kinachoonekana sahihi katika orodha huweza kuharibika kikikutana na jirani yake.

2. Kimo, mwinuko na altitudo

Katika matumizi ya kawaida, urefu, kimo na mwinuko hubadilishana nafasi, na mara nyingi hakuna anayedhurika. Tukisema ndege ilikuwa katika "urefu wa futi 7,000", hata hivyo, swali la kwanza la rubani ni: kutoka wapi? Uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, uko takriban futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Ndege iliyo futi 7,000 juu ya usawa huo, ikipita juu ya uwanja, imebakiwa na futi 1,700 tu hadi ardhini. Namba ya kwanza huipanga ndege kati ya ndege nyingine. Ya mwisho hueleza ukaribu wa ardhi. Neno urefu, ambalo pia hutaja masafa ya barabara, haliwezi kuzitenganisha.

Tunapendekeza mgawanyo ufuatao. Mwinuko ubaki kuwa wa ardhi, kama vitabu vya jiografia vinavyosema kuhusu Mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895. Kimo kiwe umbali wa wima kutoka ardhi iliyo chini ya ndege hadi kwenye ndege. Kwa umbali wa ndege kutoka usawa wa bahari tukope altitudo, kwa kuwa latitudo na longitudo zimekwisha kuzoeleka, na mkopo wa tatu unaingia katika umbo lililopo. Ubora wa seti hii ni kwamba inajumlishika: mwinuko na kimo vikijumlishwa hutoa altitudo. Mwanafunzi anayesahau fasili anaweza kuirejesha kwa hesabu.

Dhana ya nne haimo katika jumla hiyo. Katika anga ya juu, marubani wote huweka altimeta zao kwenye kanieneo sanifu ya hektopaskali 1013.25, hata kama ya siku hiyo ni tofauti. Kinachosomwa hapo hakihesabiwi tena kutoka usawa halisi wa bahari. Kwa hiyo kisiitwe altitudo. Ngazi ya mruko inafaa: ngazi ya 150 ni futi 15,000 kwa kipimo hicho sanifu.

3. Omo, majira na mapito

Utata mkubwa zaidi umo katika neno mwelekeo, linalobebeshwa dhana tatu. Tuchukue safari ya Dar es Salaam hadi Tanga wakati wa kaskazi. Mstari uliochorwa kwenye ramani unaelekea karibu kaskazini kabisa. Kwa kuwa upepo unatoka kaskazini-mashariki, rubani huielekeza ndege kulia kidogo, upande wa bahari, ili isisukumwe bara. Akikadiria vizuri, ardhi anayopita juu yake inalingana na mstari wa ramani, akikosea, hailingani. Mwanafunzi akiambiwa "shika mwelekeo", ashike upi? Kosa la nyuzi moja, katika umbali wa maili 60, humtoa mtu njiani kwa takriban maili moja.

Mabaharia walikuwa na neno majira kwa maana ya njia iliyokusudiwa chombo kiifuate. Tunapendekeza lirejeshwe kwa mstari wa ramani. Mwelekeo wa omo uwe upande inakotazama sehemu ya mbele ya ndege, na mapito yawe njia iliyopitwa kwa hakika juu ya ardhi. Pembe kati ya mwelekeo wa omo na mapito iitwe mkengeuko.

Omo ina faida nyingine. "Upepo wa mbele" huweza kueleweka kuwa unatoka mbele au unasukuma mbele, maana mbili zinazopingana. Upepo wa omo, kwa mabaharia, hukabili chombo. Unafuata kanuni ileile ya kaskazi na kusi, pepo zinazotajwa kwa zitokako, ambayo ndiyo pia kanuni ya taarifa za hali ya hewa kwa marubani.

4. Maili, noti na saa

Maili ya baharini ni mita 1,852, ilhali maili ya nchi kavu ni takriban mita 1,609. Kusema "maili" tu darasani ni kosa. Noti ni maili moja ya baharini kwa saa, hivyo "noti 100 kwa saa" hurudia saa pasipo haja. Saa yenyewe inadai tahadhari: saa 3 asubuhi ya Kiswahili ni 09:00 ya Afrika Mashariki na 06:00 ya saa ya ulimwengu inayotumika katika usafiri wa anga. Hapa hakuna istilahi ya kubuni. Kinachohitajika ni kanuni ya kutaja saa ya ulimwengu kwa tarakimu nne daima.

5. Pingamizi na hitimisho

Inaweza kudaiwa kwamba majira leo ni misimu au nyakati, na kwamba omo halijulikani na mzungumzaji wa Tabora au Kitale. Pingamizi hili lina ukweli. Muktadha utaondoa sehemu kubwa ya utata wa majira, lakini si wote. Na omo litahitaji kufundishwa. Hata hivyo, neno geni hufafanuliwa mara moja, ilhali neno zoefu lenye maana tatu hupotosha kila linapotumika bila mwanafunzi kujua kwamba amepotoshwa. Rubani nalo lilikuwa geni kwa wengi wa bara.

Kwa hiyo hatudai kwamba kila pendekezo hapa ni la mwisho. Tunachosisitiza ni utaratibu: vyombo vya usanifishaji vipokee dhana za urubani zikiwa seti, vizijaribu katika mifano yenye namba na upepo, kisha ndipo vichague maneno. Istilahi itakayoshindwa kumwonyesha mwanafunzi tofauti kati ya kimo na altitudo isipitishwe, hata iwe na ufasaha kiasi gani.