Mapanki na Minofu: Tuitazame Upya Darwin's Nightmare

Filamu hii imeshatukanwa vya kutosha, na walioisifu nao wamepitiliza. Darwin's Nightmare, iliyotoka mwaka 2004, ni filamu ya hali halisi ya Hubert Sauper wa Austria. Mandhari yake ni Mwanza: uwanja wa ndege, viwanda vya samaki, baa na ufuko wa Ziwa Victoria. Mwaka 2006 iliteuliwa kugombea tuzo ya Oscar. Mwaka huohuo Rais Kikwete aliishutumu hadharani kuwa inaichafua nchi. Wengi wetu tumerithi ugomvi huo bila hata kuiona filamu yenyewe.

Dhamira kuu ni unyonyaji. Sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, anakatwa minofu ikapanda ndege za Ilyushin kwenda Ulaya. Wenyeji wanabaki na mapanki. Kifani, mwongozaji hatumii msimulizi. Anaweka picha kando ya picha, halafu anatuachia tujumlishe wenyewe. Ofisini kwa mwenye kiwanda kuna samaki wa plastiki anayejitikisa na kuimba. Kwingineko akina mama wanaanika mapanki, funza wametapakaa miguuni. Maelezo ya nini tena?

Lakini mbinu hiyohiyo inamponza. Filamu inatusukuma tuamini kwamba ndege zinazochukua minofu ndizo zinazoleta silaha. Ushahidi wenyewe? Rubani mmoja anaungama, tena kwa uchungu, kwamba aliwahi kupeleka vifaru Angola, kisha akapakia zabibu Johannesburg kurudi nazo Ulaya. Ni ungamo zito, sikatai. Ila Angola si Mwanza, bwana, wala zabibu si sangara! Mtazamaji wa Ulaya ambaye kwake Afrika yote ni kijiji kimoja hataiona tofauti hiyo, na mwongozaji hamsaidii kuiona. Hapo ndipo ile picha ya zamani ya Mwafrika, mtu wa vita, njaa na umalaya, inapopenya kwa mlango wa nyuma, tena ndani ya kazi inayojidai kututetea.

Kwa kweli kamera yenyewe imefanya kinyume cha kiwanda: imebeba mapanki ya Mwanza, minofu ikaiacha. Mwalimu hayupo, wala mama muuza nyanya anayesomesha watoto. Na sisi tuliokula mapanki ya kukaanga nyumbani hatukuona kuwa ni mzoga. Ubaya ni kwamba aliyemvua samaki hawezi kununua mnofu wake.

Hata hivyo, wanaosema filamu yote ni uongo nao wanakwepa swali. Yupo mlinzi wa usiku, ana upinde na mishale ya sumu, anayesema vita ikija wengi watafurahi kwa sababu jeshini kuna mshahara. Yupo binti changudoa anayeimba kuhusu Tanzania huku marubani wakimchezea. Baadaye tunaambiwa ameuawa na mteja. Kuwaita hawa propaganda ni kuwanyamazisha mara ya pili.

Tena yupo kijana mchoraji, aliyekulia mitaani, anayechora maisha hayohayo kwa rangi zake. Huyu anaitazama Mwanza kutoka ndani. Filamu inampitia harakaharaka tu. Mimi ningempa dakika zote walizopewa wale marubani.