Kupima Ubora wa Tamthilia ya Televisheni: Mwongozo kwa Mtazamaji Makini

Tamthilia ya televisheni, yaani masimulizi ya kuigizwa yanayorushwa kwa mafungu yanayofuatana, hutofautiana na filamu kwa jambo moja ambalo anayetaka kuihukumu kwa haki hana budi kulianzia: imejengwa kwa sehemu. Sehemu ni fungu moja la masimulizi, kwa kawaida la nusu saa au saa nzima, lenye mwanzo na mwisho wake, na sehemu zinazotayarishwa na kutolewa kama mkupuo mmoja huitwa msimu. Mwongozo huu unashikilia kwamba sehemu ndiyo kipimo cha kwanza cha ufundi, na kwamba mageuzi ya biashara ya televisheni tangu mwaka 2013 yameidhoofisha sehemu kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 2025 unafaa kuwa mfano, kwa kuwa tamthilia mbili zilizosifiwa sana mwaka huo, The Pitt ya Marekani na Adolescence ya Uingereza, ziliirudishia sehemu heshima yake kwa njia mbili zilizo mbali kabisa.

Kwa miongo mingi vituo vikubwa vya Marekani viliagiza sehemu 22 hivi kwa msimu na kurusha moja kila wiki kuanzia Septemba hadi Mei, na kwa kuwa mapato yao yalitokana na matangazo ya biashara, mwandishi alilazimika kuigawa kila sehemu katika vitendo vinne au vitano, kila kimoja kikiishia kwenye jambo litakalomzuia mtazamaji asiondoke wakati sabuni na magari vikinadiwa. Sharti hilo lilizaa kazi nyingi hafifu, lakini liliwafunza waandishi nidhamu ya kufungua jambo na kulifunga. HBO, chaneli inayolipiwa na watazamaji wenyewe bila matangazo, ilipoanza kuonyesha The Sopranos Januari 1999, iliondoa sharti na kuibakiza nidhamu. Sehemu ya tano ya msimu wa kwanza, ambamo Tony Soprano anamtembeza bintiye vyuoni na papo hapo anamwinda na kumuua msaliti wa zamani wa genge, hueleweka hata ikitazamwa peke yake, ilhali inapindua yote ambayo mtazamaji alikuwa ameanza kuyaamini juu ya mtu huyo.

Tarehe 1 Februari 2013, Netflix, mojawapo ya huduma za kutiririsha, yaani huduma zinazomletea mtazamaji picha kupitia intaneti kwa ada ya kila mwezi, ilitoa sehemu zote 13 za House of Cards kwa mpigo. Mtazamaji aliyeweza kuendelea usiku kucha hakuhitaji tena kupewa sababu ya kurudi wiki ijayo, na baadhi ya watayarishaji wakaanza kujisifu kwamba walichotengeneza ni filamu ya saa kumi. Sifa hiyo yapaswa kumtia shaka mtazamaji makini, kwa sababu mara nyingi humaanisha kwamba kisa cha saa mbili kimenyooshwa hadi kujaza saa nane, na kwamba sehemu inakoma pale muda ulipokwisha huku mhusika akibaki njiani kuelekea mahali ambapo angeweza kufika mapema zaidi.

Kipimo cha msingi, basi, ni kuuliza mwishoni mwa kila sehemu ni jambo gani limeamuliwa ambalo haliwezi kurudishwa nyuma. Kifo cha ghafla na siri inayofichuka sekunde ya mwisho havitoshi, kwa kuwa vyote viwili vyaweza kupachikwa popote. Kinachotakiwa ni uamuzi wa mhusika, wenye gharama, uliotayarishwa ndani ya sehemu hiyohiyo. Marafiki wanaojadili tamthilia za mwaka hukitumia kipimo hiki bila kukipa jina, kwani kazi iliyojengwa vizuri hukumbukwa kwa sehemu zake, watu wakataja ile ya mazishi au ile ya chumba cha mahojiano, ilhali kazi iliyonyooshwa hukumbukwa kwa jumla tu, kama hali ya hewa. Inafaa pia kutoihukumu tamthilia kwa sehemu ya kwanza, ambayo kwa kawaida hupewa fedha nyingi na mwongozaji mashuhuri ili kuwavuta watu. Sehemu ya tatu hadi ya tano ndizo zinazoonyesha iwapo waandishi walikuwa na jambo la kusema.

The Pitt ilianza Januari 9, 2025 kwenye huduma ya kutiririsha ya HBO ikiwa na sehemu 15, kila moja ikichukua saa moja ya zamu moja katika idara ya dharura ya hospitali ya jijini Pittsburgh, na baada ya sehemu mbili za mwanzo zilizotolewa pamoja, zilizobaki zilitoka moja kila wiki. Saa ya ukutani peke yake haijengi sehemu, na ziko tamthilia zilizowahi kuifuata dakika kwa dakika bila kupata uhai. Ufundi wa The Pitt uko katika namna wagonjwa wanavyopangwa: wapo wanaoingia na kuondoka ndani ya saa moja, wapo wanaodumu saa tatu au nne, na yapo majeraha ya daktari mkuu, Robby, anayeigizwa na Noah Wyle, ambayo hayaishi zamu nzima. Katika saa za asubuhi, ndugu wawili waliokataa kuheshimu agizo la baba yao mzee kwamba asiwekewe mashine ya kupumulia wanafundishwa na Robby namna ya kumuaga. Jambo hilo linaanza, linakomaa na kumalizika bila haraka, na mtazamaji anapofika saa za jioni, majeruhi wa shambulio la bunduki wakimiminika na kuvishwa bangili za rangi kulingana na uzito wa majeraha yao, tayari anajua daktari huyo hukitendeaje kifo kimoja, na kwa hiyo anaelewa kinachovunjika ndani yake vifo vinapozidi. Kazi hii ilipata Tuzo ya Emmy ya tamthilia bora Septemba 2025, nayo iliistahili.

Adolescence, iliyotolewa na Netflix Machi 13, 2025, ina sehemu nne tu, na kila moja ilipigwa kwa mkupuo mmoja wa kamera bila kukatwa, tangu mwanzo hadi mwisho. Mbinu ya namna hii humvutia mtazamaji mgeni kwa ugumu wake, naye huishia kuusifu ugumu wenyewe. Mjuzi huuliza mbinu imeizuia kazi kufanya nini, na kizuizi hicho kimeleta faida gani. Hapa kizuizi ni kwamba hakuna wa kumwondoa mtazamaji mahali alipo. Katika sehemu ya tatu mwanasaikolojia, anayeigizwa na Erin Doherty, na mtuhumiwa wa mauaji mwenye miaka 13, anayeigizwa na Owen Cooper, hubaki kwa muda mwingi katika chumba kimoja, na kwa kuwa hakuna mkato unaoweza kuficha pumzi wala kuchagua uso bora, hasira ya mtoto inapanda na kushuka kwa mwendo wa kweli. Mwishoni mwa sehemu ya pili, kamera inapopaa hewani juu ya mji hadi kwenye eneo la mauaji, ufundi unaanza kujionyesha wenyewe, na hapo sifa zapaswa kupunguzwa kidogo.

Sikio nalo lina kazi yake. The Pitt haitegemei muziki kumwambia mtazamaji ahisi nini, na kelele za mashine na za watu zinachukua nafasi hiyo, ilhali tamthilia dhaifu humwagia vinanda kila penye machozi. Dalili nyingine ni mazungumzo yanayotangaza kile kinachoonekana tayari, mhusika akisema kwamba anaondoka huku akifungua mlango, desturi iliyoenea kwa kuwa watayarishaji wanajua kwamba watazamaji wengi wana simu mkononi.

Kasoro hizi zina chimbuko katika mpangilio wa kazi. Zamani waandishi wa tamthilia walikaa pamoja katika chumba cha waandishi msimu mzima, na kila mwandishi alifika mahali pa kurekodia kuisimamia sehemu yake, akajifunza ni maneno gani hayatamkiki na ni tukio gani haliigiziki. Huduma za kutiririsha zilieneza vyumba vidogo, ambamo waandishi wachache huajiriwa kwa majuma machache na kuondoka kabla kamera haijawashwa. Ulinzi wa chumba cha waandishi cha namna ya zamani ulikuwa miongoni mwa madai ya mgomo wa waandishi wa Marekani uliodumu siku 148 mwaka 2023. Wingi nao haukuwasaidia: kwa hesabu ya kampuni ya FX, tamthilia na vichekesho vya kuandikwa vilivyoonyeshwa Marekani vilifikia 599 mwaka 2022 kabla ya kushuka hadi 516 mwaka uliofuata, na hakuna tasnia yenye waandishi wazoefu wa kutosha kwa idadi hiyo.

Kwa mtazamaji wa Kiswahili kuna tahadhari ya ziada. Tamthilia za Uturuki zinazoonyeshwa zikiwa zimeingizwa sauti za Kiswahili, kama Sultan ya Azam TV, ambayo kwa asili ni Muhteşem Yüzyıl ya mwaka 2011 hadi 2014, ziliandikwa kwa ajili ya usiku mmoja wa wiki, na sehemu moja huko kwao hukaribia saa mbili na pengine kuzidi. Zinapouzwa nje, kwa kawaida hukatwa vipande vifupi, kwa hiyo kinachoitwa sehemu katika Afrika Mashariki huenda ni theluthi tu ya sehemu iliyobuniwa na mwandishi. Sauti zilizoingizwa zinaweza kupimwa kwa haki, kwa kuangalia iwapo mwigizaji wa sauti anavuta pumzi pamoja na midomo anayoisemea na iwapo malkia na mjakazi wanazungumza Kiswahili cha ngazi tofauti. Lakini mwendo wa masimulizi haufai kulaumiwa kabla mtazamaji hajatafuta mahali ambapo mambo yalitulia na jambo la siku hiyo likafungwa, kwa maana mara nyingi hapo ndipo sehemu ya asili ilipoishia, hata kama kituo kiliendelea dakika kumi zaidi kabla ya kukata.