Suala liko kwa nani?

Anayebuni barua pepe ya kazini aanzie masijala. Katika ofisi ya umma, barua ilipopokewa iligongwa muhuri, ikapewa namba ya folio, ikafungwa kwenye jalada, na kila aliyelishika aliandika dokezo akimtaja anayefuata. Ukiuliza suala lako liko kwa nani, karani alikuonyesha. Barua pepe ikaja na kasi, lakini jibu hilo likapotea. Tuseme mfereji umebomoka Kirua Vunjo. Mtendaji wa kata anamwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, nakala kwa Bodi ya Maji Bonde la Pangani pale Moshi mjini, na kwa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro (KINAPA), Marangu, ikiwa chanzo kiko msituni. Wote wameisoma, kila mmoja akidhani mwenzake atajibu, na migomba inazidi kukauka. Hapo hakuna mvivu. Ujumbe umewafikia wote, zamu haikupewa mtu.

Ndiyo maana naona Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoanza kama wakala mwaka 2012 na kuwa mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019, ilifanya jambo la maana kutoitwisha barua pepe kila kitu. Kuna barua pepe ya serikali yenye anwani za go.tz, na kuna e-Office inayobeba majalada, barua na madokezo. Wapo wanaosema huko ni kuhamishia urasimu kwenye kompyuta. Hoja hiyo ina uzito, kwani jalada laweza kulala kwa mkubwa hata likiwa la kielektroniki. Ila humo ucheleweshaji una tarehe na cheo cha aliyelilaza, kwa hiyo unaweza kuhojiwa. Wengine watasema WhatsApp inatosha: mtendaji anapiga picha ya mfereji akiwa mlimani na dakika hiyo hiyo imefika mjini. Hitaji hilo ni la kweli kabisa, na mbunifu akilidharau watumishi wataukimbia mfumo wake. Lakini mtumishi akihamishiwa Same, simu yake inaondoka na mazungumzo yote, na anayempokea anaanza upya. Barua za zamani ziliandikwa kwa cheo na kudai Kumb. Na. kwenye majibu; basi anwani ya kazi nayo iwe ya cheo, na picha ya simu iingie jaladani moja kwa moja, kisha mtendaji arudishiwe kumbukumbu namba pamoja na cheo cha anayelishughulikia suala lake.