Tairodi ya HiAce Nyangezi: kipuri kipya hakitoshi

Gari linalotoka Bukavu kwenda Uvira kwa RN5 likishaipita Nyangezi, linakabili mteremko wa Ngomo: kona baada ya kona, bonde kando, hadi Kamanyola kwenye tambarare ya Ruzizi. Tairodi, fimbo inayounganisha usukani na gurudumu, ikichomoka huko, dereva hana la kufanya. Ndiyo maana kazi ya fundi aliyebadilisha tairodi endi za HiAce ya abiria hapa Nyangezi inafaa kuchambuliwa.

Kwanza alihakikisha tatizo liko wapi. Gurudumu likiwa juu ya jeki, alilishika kushoto na kulia, akalitikisa, likacheza. Akalishika juu na chini, likatulia. Beringi na bolijointi zilikuwa salama.

Kisha akalegeza kidogo nati inayobana tairodi endi, na alipokuwa akiifungua tairodi endi yenyewe akahesabu mizunguko. Mpya iliingia kwa mizunguko ileile, ili magurudumu yasielekee pengine.

Kabla ya hapo, kuichomoa kwenye mkono wa gurudumu, hakugonga nyuzi za shina lake. Aliegemeza nyundo nzito upande mmoja wa jicho la mkono wa gurudumu, akagonga upande wa pili. Mshtuko ukalegeza shina, likatoka zima.

Kiini cha kazi ni hapa. Shina hilo limechongoka, nalo hushika kwa kubanana chuma kwa chuma ndani ya jicho. Nati ya shina hulivuta tu likae. Kwa hiyo alifuta kutu na grisi yote kabla ya kulipachika. Alipokaza nati, tundu la pini inayozuia nati isilegee halikulingana na mfereji wa nati. Wengi hapo huirudisha nyuma kidogo. Yeye aliikaza zaidi mpaka tundu likaonekana. Nati iliyorudishwa hulipa shina nafasi ya kucheza, na kila shimo la barabara hulipanua jicho. Pini nayo ilikuwa mpya, kwa sababu iliyokwisha kukunjwa na kunyooshwa hukatika.

Mwisho, gari likiwa chini na usukani umenyooka, alitia alama katikati ya tairi za mbele, akapima umbali kati yake kwa mbele, akalisukuma gari hadi alama zikawa nyuma, akapima tena. Tofauti ya milimita chache tu ndiyo inayokubalika. Hata hivyo, kipimo hiki cha futi ya mkono ni cha kulifikisha gari mjini tu. Alaimenti ya mashine bado inahitajika.

Wenye magari, mkilipia tairodi endi, lipieni pia pini mpya na alaimenti. Bila hivyo kazi haijaisha, na gari lisipandishwe abiria.