Raba, Shaba na Masizi: Kuchagua Oili na Maji ya Lori Machochwe

Anayemwaga oili ya lori lake mwenyewe pale Machochwe huanza kazi dukani, kabla hajashika spana. Anasimama Mugumu au Tarime mbele ya rafu ya madumu ya rangi zote, muuzaji anamuuliza anataka ya shilingi ngapi, na hapo ndipo lori linapopona au linapoanza kufa. Kufungua nati ya sampu hata utingo anaweza. Kujua nini kirudi ndani ndiyo kazi yenyewe, na kwa maoni yangu wengi wetu tunaifanya kinyume: akili yote tunaimalizia kwenye oili ya injini, tukifika kwenye gia boksi na breki tunamimina chochote kilichopo.

Njia ninayoitetea ni ya swali moja: hiki ninachomimina kitagusana na nini humo ndani? Oili ya injini inakutana na masizi na tindikali. Oili ya gia boksi inakutana na shaba. Maji ya breki yanakutana na raba. Maji ya rejeta yanakutana na aluminiamu na chuma cha kusubu. Ukilijibu swali hilo, maandishi madogo ya mgongoni mwa dumu yanaanza kuwa na maana.

Tuchukue Canter, maana ndiyo lori la wengi huku: Mitsubishi ya injini 4D33, silinda nne, sentimita za ujazo 4,214, haina turbo. Inabeba mahindi, mihogo, ulezi, mchanga, siku ya mnada inabeba ng'ombe. Injini ya aina hii ilibuniwa wakati dizeli ya sehemu kubwa ya dunia ilikuwa na salfa nyingi. Salfa ikiungua na kukutana na mvuke wa maji huzaa tindikali, na oili ya dizeli hutiwa viungo vya alkali ili kuizima. Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kikomo cha sehemu 50 za salfa katika kila milioni. Ni hatua kubwa, lakini Marekani wako kwenye 15 na Ulaya kwenye 10, na oili mpya kabisa zinatengenezwa kwa kuwalenga wao. Daraja la oili la CK-4, lililoanza Desemba 2016, limebana kiasi cha majivu ili kisizibe vichujio vya moshi vya malori ya kisasa. Canter yetu haina kichujio hicho. CI-4, lililotoka mwaka 2002, linaitosha vizuri, na mara nyingi kwa bei ya chini. Ukikuta dumu limeandikwa JASO DH-1, chukua bila wasiwasi: ni kipimo cha Wajapani wenyewe, kilichowekwa kwa kuangalia injini zao na jinsi sehemu zinazosukuma valvu zinavyolika.

Halafu uzito. Ubishi wa 40 kavu na 15W-40 hauishi vijiweni. Zikifika nyuzi 100 za joto zote mbili ziko katika kundi moja, kati ya 12.5 na 16.3 kwa kipimo cha sentistoki. Tofauti yao ni asubuhi, injini ikiwa baridi. Namba ya 15W imewekwa kwa ajili ya baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ambayo Machochwe haitaiona, kwa hiyo 40 kavu haiui injini ya zamani. Ila inachelewa kupanda hadi juu kwenye roka, na sekunde hizo za kila alfajiri ndizo zinazokula chuma. Mimi nachagua 15W-40. Kupanda hadi 50 ili kuficha moshi wa pistoni ringi zilizochoka ni kuuahirisha ugonjwa, na pampu ndiyo inayolipa.

Na oili kuwa nyeusi upesi si dalili ya ubovu. Oili nzuri ya dizeli ina viungo vinavyoshika masizi na kuelea nayo yasigande kwenye chuma. Weusi huo ni kazi inayofanyika. Ya kuogopa ni ile inayobaki safi kwa wiki kadhaa huku ukifungua kifuniko cha valvu unakuta tope.

Kwenye muda wa kumwaga, kilomita zinatudanganya. Lori linalokwenda kilomita 60 kwa saa kwenye lami humaliza kilomita 5,000 kwa saa 83 hivi. Lori linalosota kwa kilomita 25 kwa saa kwenye vumbi na mashimo hutumia saa 200 kwa kilomita zilezile, gia ya pili na ya tatu, injini ikinguruma muda wote. Oili ya lori la pili imezeeka zaidi ya mara mbili. Barabara ya Tarime hadi Mugumu, inayopita Nyamongo na kuvuka Mto Mara, ina vipande vya kila namna, kwa hiyo anayeandika saa kwenye daftari atajua lini amwage kuliko anayetazama mita.

Sasa gia boksi, mahali ambapo kosa la dukani huonekana baada ya miezi mingi na hakuna anayekumbuka chanzo. Ndani ya gia boksi ya kawaida kuna ringi za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana. Ndani ya difu hakuna ringi hizo. Kuna meno ya chuma yanayosuguana kwa kuteleza chini ya mzigo mkubwa. Difu inahitaji oili ya GL-5, yenye salfa na fosfora nyingi za kuzuia meno yasitafunane. Viungo hivyohivyo, katika kiwango cha GL-5, vinaweza kuishambulia shaba, ndiyo maana gia boksi nyingi za rika hili zinaagizwa GL-4 au daraja la chini yake. Muuzaji atakwambia 5 ni kubwa kuliko 4, kwa hiyo ni bora. Namba hizi hazipandi kwa ubora, zinataja kazi. Madumu mawili yenye maandishi 80W-90 yanaweza kufanana rangi, harufu na bei, moja likawa la difu na jingine la gia boksi. Soma GL kwanza, uzito baadaye.

Wengine hudhani 90 ni nzito zaidi ya mara mbili ya 40, wakaogopa kuitia. Ni vipimo viwili tofauti. Oili ya gia ya 90 ikiwa na joto la nyuzi 100 iko kati ya 13.5 na 18.5, yaani jirani kabisa na 40 ya injini. Kinachozitenganisha ni viungo, na ndiyo sababu kuweka oili ya injini kwenye difu hakusaidii.

Breki ndipo ninapowaomba wenye malori wasilegeze hata kidogo. Canter nyingi za rika hili zinatumia breki za maji, na raba zote, kuanzia masta silinda mpaka wili silinda, ni za aina inayoelewana na maji ya breki ya glaikoli, yaani DOT 3 na DOT 4. Raba hiyohiyo ikiguswa na oili ya madini, iwe ya haidroliki, ya injini au ya pawa stelingi, inavimba na kulainika. Breki zinaanza kushika zenyewe, magurudumu yanapata moto, kisha hazishiki kabisa. Na haiponi kwa kumwaga na kujaza upya: raba zote zinabadilishwa na mabomba yanasafishwa. Wapo pia madereva wanaoongezea maji ya sabuni wakikwama njiani. Hayo yanawafikisha nyumbani siku hiyo na kuwaachia kutu ndani ya silinda, pamoja na hatari kubwa zaidi.

Hatari hiyo ni mvuke. Maji ya breki hunywa unyevu wa hewa, na msimu wa mvua huunywa zaidi. DOT 3 ikiwa mpya lazima ihimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Ikishakunywa maji kama asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Lori lililobeba mahindi likiteremka kutoka nyanda za Tarime kwenda bonde la Mara, dereva akiwa amekanyaga badala ya kurudisha gia, joto la ngoma za breki linaweza kufika hapo. Kimiminika hakibanwi, mvuke unabanwa. Pedali inazama hadi sakafuni bila kusukuma kitu. Anayetoa upepo na kubadilisha maji yote kila mwaka, mvua zikiisha, amejikinga na hilo kwa gharama ndogo kuliko tairi moja. Kama kitabu cha gari kinasema DOT 3, DOT 4 inakubalika na inachanganyika nayo. DOT 5 ni silikoni, usiitie. Chupa iliyobaki nusu tangu mwaka jana itupe.

Ukitilia shaka chupa ya dukani, tone moja kwenye glasi ya maji linatosha. Glaikoli huyeyuka ikapotea. Oili ya madini huelea.

Kwenye rejeta, watu hubishana rangi: kijani, nyekundu, bluu. Rangi si kipimo cha chochote, kila kiwanda hupaka yake. Hatuna barafu ya kuikimbia, kwa hiyo kulanti hapa kazi yake kubwa ni kuzuia kutu, na mchanganyiko wa theluthi moja hadi nusu unatosha. Maji ya kuchanganya yana uzito kuliko chapa. Maji ya kisima yenye chumvichumvi huacha magamba ndani ya mirija, na gamba jembamba tu linazuia joto lisitoke. Maji ya mvua ya bati, ukiacha manyunyu ya kwanza yapite na vumbi lake, ni bora, na Machochwe hayakosekani masika.

Kisha tazama kifuniko cha rejeta. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu zaidi, kwa hiyo maji ya wazi huchemka huku kabla ya nyuzi 96. Kifuniko kizima chenye alama ya 0.9 kinasukuma kiwango hicho juu kwa takriban nyuzi 20. Kulanti ya nusu kwa nusu huongeza kama nyuzi 8 tu. Lori linalochemsha kila kilima linaweza kuwa linaomba kifuniko. Wengi badala yake hung'oa themostati. Injini hiyo sasa inatembea baridi, mvuke unaganda kwenye oili, dizeli isiyoungua inaingia sampuni, na tindikali tuliyoizungumzia mwanzoni inarudi kwa mlango huo. Hakuna CI-4 itakayolifidia hilo.

Pesa isipotosha, mpangilio wangu ni huu: maji ya breki kwanza, kwenye chupa yenye lakiri na alama ya TBS, kamwe si ya kupimiwa. Filta ya oili na ya hewa pili. Oili ya injini tatu. Hata ile ya pipa naikubali, mradi pipa linafunguliwa mbele yangu na nimesoma daraja lake. Gia boksi na difu zinaweza kusubiri mavuno kama hazivuji, ila siku yake ikifika kila moja ipate dumu lake.

Kilichomwagwa nacho kina mambo yake. Oili chafu watu huipaka nguzo za uzio dhidi ya mchwa, na madumu yake yanafungika. Kulanti ya zamani ni jambo jingine: glaikoli ni tamu na ni sumu, mbwa huilamba, ndama huinywa kwenye beseni, na mtoto mdogo anaweza kuionja. Beseni lisibaki uwanjani hata wakati fundi anakwenda kunywa chai. Iingie kwenye dumu, lifungwe, liandikwe sumu, liwekwe juu.