Mkono na Chombo: Uhakiki wa Hitimisho la Utafiti wa ROLARR

Utafiti wa ROLARR (Jayne na wenzake, 2017) ulilinganisha njia mbili za kuondoa, kupitia matundu madogo, saratani ya rektamu, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Njia ya kwanza ni laparoskopi ya kawaida, ambapo daktari hushika vifaa kwa mikono yake. Ya pili ni ya roboti, ambapo huviongoza akiwa ameketi kwenye mtambo. Wagonjwa 471 kutoka nchi 10 waligawanywa kwa nasibu. Kigezo kikuu kilikuwa kiwango cha upasuaji uliolazimika kugeuzwa kuwa wa wazi.

Kiwango hicho kilikuwa asilimia 12.2 kwa laparoskopi na 8.1 kwa roboti. Kwa kuwa tofauti hiyo haikuwa na umuhimu wa kitakwimu, watafiti walihitimisha kwamba roboti, mikononi mwa madaktari wenye uzoefu unaotofautiana, haina faida ya ziada. Hitimisho hilo linavuka mpaka wa ushahidi wake. Ukubwa wa sampuli ulikokotolewa kwa kutarajia kwamba asilimia 25 ya laparoskopi zingegeuzwa, na kwamba roboti ingepunguza kiwango hicho kwa nusu. Kiwango halisi cha laparoskopi hakikufika hata nusu ya matarajio. Sampuli iliyoandaliwa kubaini pengo kubwa haikuweza kuthibitisha wala kukanusha pengo dogo. Kutobainika kwa tofauti si ithibati kwamba haipo.

Udhaifu wa pili unahusu uzoefu. Kwa wastani wa kati, madaktari walikuwa wamefanya upasuaji wa laparoskopi mara 91, na wa roboti mara 50 tu. Hivyo kilichopimwa si chombo peke yake, bali pia mkono ambao bado ulikuwa ukijifunza. Watafiti wenyewe waliliweka sharti la uzoefu ndani ya hitimisho lao. Anayelinukuu bila sharti hilo hulipotosha.

Hata hivyo, kasoro hizi haziipi roboti ushindi. Upasuaji wake ulichukua muda mrefu zaidi na kugharimu zaidi, na mzigo wa kuthibitisha hukiangukia chombo kilicho ghali. Kwa hiyo, hospitali inayotafakari kununua mtambo huo haipati katika ROLARR sababu ya kuununua, na mtafiti hapati humo idhini ya kuufunga mjadala.