Mfereji mpana, maji yale yale

Ndugu wanalisansi, na nyinyi wanafunzi munaoandika memwari mwaka huu, leo tuongee kompyuta, maana pesa yetu inapotelea hapo.

Wiki iliyopita mdogo wangu, mwanafunzi wa agronomia hapa Uvira, alinipigia simu akiwa mbele ya muuzaji wa mashini za okazyoni. Alikuwa ameambiwa: "Hii iko na SATA 3, giga 6. Ile ingine ni SATA 2, giga 3 tu. Ongeza dola 40, mbio inakuwa mara mbili." Nikamwambia asitoe hata franka moja. Mimi nilishalipa ujinga huo kabla yake.

Kosa liko wapi? Zile giga ni upana wa njia kati ya disiki na kompyuta, si mbio ya disiki yenyewe. SATA 2 inaweza kupitisha megabaiti 300 kwa sekunde, SATA 3 megabaiti 600. Lakini mashini zote mbili zilikuwa na disiki ya kuzunguka, mizunguko 5400 kwa dakika. Disiki ya namna hiyo inatoa kama megabaiti 100 kwa sekunde, tena ikisoma faili moja kubwa mfululizo. Hata njia ya zamani haikujaa nusu! Sisi wa uwanda wa Ruzizi tunajua: ukipanua mfereji na maji ya chanzo ni yale yale, mpunga hauoni tofauti.

Kuwasha kompyuta ni kubaya zaidi, kwa sababu inatafuta faili ndogo ndogo nyingi. Mzunguko mmoja wa disiki unachukua milisekunde 11. Kila mara kichwa cha kusomea kinahama, kinangoja, kinahama tena. Njia inabaki tupu.

Mimi niliokolewa na SSD, isiyo na kitu cha kuzunguka. Niliiweka ndani ya mashini yangu ya zamani ya SATA 2. Windows iliyokuwa inanipa nafasi ya kumaliza kikombe cha chai, sasa inafunguka kabla sijakoroga sukari. Njia ile ile, chanzo kipya.

Sasa wanatuletea NVMe: megabaiti 3500 kwa sekunde, wakati SSD ya SATA inatoa 550. Ukikopi video kubwa kati ya disiki mbili za hivyo, ndiyo, utaona. Lakini kwa Word, Excel na hesabu za mavuno ya mihogo, utaona kidogo sana. Hapo kazi inangoja prosesa, RAM, na sisi wenyewe tunaofikiri polepole.

Sisemi njia haina maana kabisa. Disiki ya nje kwenye USB 2 inabanwa kwenye megabaiti 30 au 40 kwa sekunde. USB 3 inaiacha itoe 100 zake. Siku umeme unakuja saa mbili tu, na unataka kuhifadhi picha za setilaiti za uwanda mzima, hiyo si tofauti ndogo.

Basi, kabla ya kulipa, usiulize "giga ngapi?" Uliza "nini kinachelewesha?" Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, utazame: disiki iko 100%, ao RAM ndiyo imejaa?

Mdogo wangu alichukua ile ya SATA 2. Zile dola 40 akanunulia SSD ndogo, na chenji ikabaki ya kuchapisha memwari.